TAHADHARI: Anayeuza miche ya tilia hapa Mbeya ni tapeli, anawauzia mforosadi

Watu wa Uyole, Forest, Iyunga na wote mnaopenda miti ya uani: kuna kijana anazunguka na bajaji anauza miche anayoiita tilia, mti wa Ulaya wenye maua ya kunukia, ya aina yenye matawi ya kuning'inia. MSINUNUE. Ni mforosadi, ule ule ulio kwenye uzio wa jirani yako. Ameniuzia miche miwili, kila mmoja shilingi 85,000, na hapa ninapoandika bado natetemeka kwa hasira.

Mimi nafuga nyuki, ndiyo maana nilikuwa nautafuta mti huu. Maua ya tilia yananukia vizuri sana na kule Ulaya nyuki huyakimbilia.

Alikuja jioni, mvua za kwanza zimeshanyesha. Akavua kofia getini, akanipa shikamoo, na aliposikia lafudhi yangu akanisalimu Kinyakyusa, "Ugonile." Akashusha miche taratibu, kila kiriba kimezungushiwa gunia lililoloa. Kila mche una kibandiko cha plastiki, kimeandikwa jina la kitaalamu, Tilia tomentosa 'Petiolaris', hakuna herufi iliyokosewa. Shina refu limenyooka, na juu matawi membamba yameinama mpaka yanakaribia udongo, yamefungwa kwa nyuzi za nailoni. Nikamuuliza nyuzi hizi ni za nini. "Za safari, mama, matawi yasivunjike." Katikati ya shina kuna utepe wa plastiki, akaugusa kwa kidole gumba akasema hapo ndipo walipobebesha, yaani walipounga tawi la tilia hii juu ya shina la mti mwingine, nisiufungue mpaka mvua ziishe. Nilipotaka kugeuza jani nilione upande wa chini, akanizuia mkono kwa adabu kabisa: "Tusiisumbue leo, mama, imechoka na barabara."

Halafu akachimba mashimo mwenyewe, bila kuombwa. Sentimita 60 kwenda chini, 60 upana. Udongo wa juu akauweka pembeni, akauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Akanielekeza nimwagilie kiangazi chote cha mwaka wa kwanza, niweke matandazo lakini yasiguse shina lisije likaoza. Hayo yote ni sahihi! Bwana shamba yeyote angekwambia hivyo hivyo. Na sisi huku miche ya parachichi iliyobebeshwa tunaipokea ikiwa na utepe wa namna ile ile. Sasa mtu anayejua kazi kiasi kile, anayeongea lugha ya nyumbani kwenu, anayekuchimbia na shimo, ungemshuku kwa lipi?

Na wale mnaonitumia ujumbe kuuliza kama sijawahi kuona forosadi: majani alikuwa ameyapunguza, yamebaki machache machanga, umbo la moyo, meno pembeni. Jani la tilia nalo lina umbo hilo hilo. Alichagua mti wa kudanganyia kwa makusudi.

Nyuzi zilipochakaa na kukatika, matawi yote yakasimama wima. Nikafungua utepe. Chini yake gome laini, hakuna kovu wala kiungo. Nikampigia, akaniambia tilia "hubadilika" ikikutana na udongo wa Mbeya. Akaniambia hivyo mimi, mtu mzima! Siku hiyo hiyo akanifungia simu. Lakini lililoniuma kuliko yote ni siku akina mama wa jumuiya walipokuja kwangu. Nilishawaambia mti umetoka Ulaya, tumekaa barazani tunakunywa chai, mtoto akaingia mdomo wote zambarau: "Bibi, forosadi zimeiva!" Wakanyamaza wote. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Na mforosadi unaota kwa kipande cha tawi tu ukikichomeka ardhini! Maana yake huyu hana gharama. Anakata fito kwenye uzio wa watu, anainamisha, anafunga uzi, anachapisha kibandiko, anachukua 85,000 ya mjane, ya mstaafu, ya yeyote.

Akikujia, vunja kikonyo cha jani mbele yake. Yakitoka maziwa meupe, ni mforosadi, tilia haina. Geuza jani: tilia hii upande wa chini ni mweupe, una vinyweleo laini, na kikonyo chake ni kirefu. Ameniambia pia haitazidi mita 3 na nipande karibu na ukuta. Uongo, tilia hii hupita mita 20. Maua baada ya miezi sita? Uongo, inachukua miaka. Na anasema miche imepitia mpakani Tunduma, basi akuonyeshe kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea, wanaosimamia hayo ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mimi aliniambia karatasi ziko kwa bosi.

Sitaki aombe radhi. Nataka akae ndani. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na hukumu yake inaweza kufika miaka 7. Apewe yote saba. Mtu anayekuamkia shikamoo huku anahesabu hela yako hafai kutembea na watu. Na wenzake wanaompa bajaji waitwe nao wajieleze. Ukimwona usimpige, usije ukageuka wewe mshtakiwa. Andika namba ya bajaji, mpige picha, waite polisi.

Mimi naenda kituoni Jumatatu. Ujumbe wa malipo ninao, vibandiko ninavyo, utepe ninao. Kama umeuziwa, usiung'oe mti na usitupe nyuzi, huo ni ushahidi. Nitumie ujumbe leo twende pamoja, maana nikienda peke yangu wataniambia ni ugomvi wa miche miwili tu.