Modemu ya waifai kwenye Amiga 500: uzoefu wangu na data inayopotea

Amiga 500 yangu, kompyuta ya zamani ya kampuni ya Commodore, niliinunua gulioni hapa Braunschweig, mji uleule uliokuwa na kiwanda cha Commodore. Modemu nimeagiza mwaka huu: kasha dogo lenye chipu ya ESP8266, linachomekwa kwenye tundu la siriali. Kompyuta inadhani inaongea na modemu ya simu. Unaandika ATDT, amri ya kupiga simu, ila pa namba ya simu unaweka anwani ya seva.

Kuunganisha kulinila asubuhi nzima kwa uzembe wangu. Chipu hiyo inashika waifai ya 2.4 GHz tu, nami nilikuwa nailazimisha iingie ya 5.

Balaa likaanza kwenye kupakua. Kwa biti 19,200 kwa sekunde maandishi yalikuja yamemeguka herufi, na Zmodem, njia ya kupokea faili inayokagua makosa, ikawa inayahesabu kama teksi inavyohesabu nauli. Nilikuwa nimeshafunga kasha nilirudishe dukani, rafiki yangu wa Tanga akaniuliza kwenye simu, "Kaka, kebo yako ina waya ngapi?" Nikafungua. Tatu! Kutuma, kupokea na ardhi, basi. Hakuna waya za RTS wala CTS, yaani kompyuta haina njia ya kumwambia mwenzake "subiri kidogo".

Na Amiga inahitaji sana kusema subiri. Paula, chipu inayopokea siriali, haina foleni ya kuhifadhi baiti. Kwa mwendo ule baiti mpya inafika kila baada ya takriban nusu milisekunde. Prosesa ikichelewa kuichukua, inayofuata inaifuta. Kinachoichelewesha zaidi ni skrini. Mimi nilikuwa na rangi 16 kwenye hi-res (skrini yenye nukta nyingi), na hapo picha inapochorwa inamaliza zamu zote za kumbukumbu, prosesa inangoja. RAM ya ziada ya tumboni haikuokoi, nayo inapita njia ileile.

Nikanunua kebo yenye waya saba, nikawasha RTS/CTS pande zote mbili, nikashusha rangi hadi 4. Makosa yakakoma, isipokuwa faili moja iliyokwama palepale kila mara. Hiyo ni dalili nyingine kabisa: baiti zinazopotea hukatika popote, hazina kituo. Kumbe seva ilikuwa ya telnet, utaratibu wa mawasiliano ambao hutuma baiti yenye thamani ya 255 mara mbili. Nikawasha telnet kwenye modemu ili iondoe ile ya pili, faili ikapita.

Tahadhari kwa wanaonunua kebo: tundu la A500 lina volti 12 kwenye pini ya 9, na hasi 12 kwenye ya 10. Kebo ya pini zote 25 inaweza kukuunguzia kifaa.

Kasha lenyewe nalipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya ile kebo ya waya tatu waliyoiweka ndani ya boksi, na kijitabu kisichosema neno juu yake. Sasa diski nzima ya KB 880 inashuka ndani ya dakika tisa hivi, na chai inakuwa bado ya moto.