Canon RF 100-500mm: inatosha kwa pengwini, kwa dubu weupe pima kwanza

Anayeichukua lenzi hii kwenda Svalbard, visiwa vya Norway huko Aktiki, aanze na hesabu ya umbali. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya huko inataka ukae mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Kwenye 500mm, kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa 36mm) ikiwa mita 300 inaona upana wa mita 21.6. Dubu wa mita 2.4 anachukua sehemu moja ya tisa tu. Kwa kamera ya pikseli milioni 45, hizo ni pikseli 900 hivi kwa upana. Ukiikata picha ili uso wake ujaze ukurasa, picha inavunjika. Lakini dubu akionekana mdogo juu ya barafu pana, nyayo zikiwa zimemfuata nyuma, lenzi hii inampata vizuri mno.

Ekstenda ya 1.4x, kipande kinachowekwa kati ya lenzi na kamera, inasogeza kidogo, ila inaudhi. Haiingii mpaka lenzi ivutwe hadi 300mm, na ikishaingia huwezi kurudi chini ya hapo, kwa hiyo lenzi inabaki imechomoza hata kwenye begi. Tundu la kupitishia mwanga nalo linabana hadi f/10, na kwenye boti la mpira linalorukaruka unahitaji spidi ya shata ya sekunde 1/1000 au zaidi. Lazima ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande.

Antaktika mambo ni tofauti kabisa. Miongozo ya IAATO, chama cha waendeshaji utalii wa Antaktika, inataka mita 5 kutoka kwa pengwini. Ukiwa umbali huo, pengwini aina ya gentoo wa sentimita 75 anajaza karibu picha nzima kwenye 200mm, kamera ikiwa wima, hadi matone ya maji kwenye mdomo wake wa chungwa yanahesabika. Kwa sababu ya mafua ya ndege, huruhusiwi kupiga magoti wala kuweka begi chini karibu nao. Vifaa vyote unabaki navyo mwilini, na hapo ndipo uzito wa gramu 1,365, bila kishikio cha tripodi, unapokuwa neema.

Theluji huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu: ongeza mwanga kwa +1 hadi +1.7, ukiangalia histogramu, mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera. Picha za mbali zikitoka zimelegea, hazina ukali, usiilaumu lenzi mapema; ukipigia mlangoni mwa chumba cha meli chenye joto, hewa inatetema mbele ya kioo. Na kabla ya kuingia ndani, funga kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki huko huko nje, usiufungue mpaka vipate joto la chumba. Umande utashika mfuko badala ya kioo.