Paestum: mahekalu, nyati, na mlango mmoja wa lido

Hili limenikaa rohoni tangu kiangazi kilichopita na bado halijapoa. Mama alikuja kunitembelea huku Italia kutoka Mombasa, mara yake ya kwanza, nikaona nisimsumbue na msongamano wa Roma. Nikampeleka Paestum, kusini ya Salerno, maana pale pana mashamba, mambo ya kale na bahari, vyote anavyovipenda. Bahari hasa.

Siku ya kwanza tukaikata ile misonobari iliyoko kati ya barabara na ufuo, tukatokea kwenye lido, yaani sehemu ya ufuo inayoendeshwa kibiashara, miamvuli ya kukodi imepangwa safu kwa safu. Mama amevaa buibui, mkononi ana mkoba wake mkubwa wa ukili wenye mistari ya zambarau, ndani mna taulo, leso na mahamri niliyopika alfajiri. Kijana wa mlangoni hata salamu hakutoa. Aliutazama mkoba, akapunga mkono kama anayefukuza kuku: "Hapa hakuna kuuza."

Kuuza! Kisa mkoba. Wasiojua waelewe kwamba kwenye fukwe za Italia wapo Waafrika wengi wanaozunguka juani na vikapu, miwani na vitambaa vya kuuza. Ni watu wanaochuma riziki kwa jasho lao na sioni aibu kufananishwa nao. Ule mkono ndio ulionichoma. Nikamwambia kwa Kiitaliano kwamba tunataka kupita tu tufike majini. Akasema tukodi mwamvuli kwanza. Nikamwambia ipo sheria, ya tangu 2006, inayowataka wenye lido wawaache watu wapite bure mpaka ukingoni mwa maji, hata wakitaka kuoga. Akanipa mgongo, akaendelea kukunja mataulo.

Mama hajui Kiitaliano lakini alielewa yote. "Twende zetu, mwanangu," akasema. "Mimi bahari ninayo kwetu."

Usiku ule nililia. Nilikuwa nimeshaamua kuwaandikia watu wasikanyage Paestum, na ningeishia hapo kama si kesho yake.

Asubuhi tuliingia magofuni kabla jua halijawa kali. Mahekalu matatu ya Wagiriki, na la zamani zaidi lilijengwa mnamo 550 kabla ya Kristo, yamesimama kwenye majani utadhani wenyewe wametoka kidogo tu. Mama alizihesabu nguzo za mbele za hilo la zamani: tisa. "Mbona witiri? Mlango wakaa wapi?" Nami nilikuwa nimeshawahi kufika pale mara mbili bila kujiuliza! Kweli, safu ya nguzo inapita katikati kabisa ya jengo. Akaligusa jiwe lenye matundu matundu, akasema lafanana na mawe ya Gede.

Mchana tukaenda shambani kuona nyati. Kwetu nyati ukimwona unakimbia, hawa wanakamuliwa! Ni nyati wa majini, na maziwa yao ndiyo yanayotengenezwa mozzarella, jibini laini ya huko. Mzee mmoja wa pale alikata kipande kikiwa bado kina joto, maziwa yakamchuruzika mpaka kiwikoni, akampa mama kwanza kabla ya wageni wengine wote, kwa mikono miwili. Kisha akaomba kuushika ule mkoba. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza nani kausuka. Nikawa mkalimani kwa nusu saa nzima, ukili hupatikana wapi, rangi hutiwaje. Mama akamtolea mahamri.

Sasa niseme nini kuhusu Paestum? Nendeni. Treni inawashusha karibu kabisa na ukuta wa mji wa kale, na msitoke bila kuingia makumbusho kuona lile kaburi lililofukuliwa 1968, lenye kijana aliyechorwa akijirusha majini karibu miaka 2,500 iliyopita. Mama alisimama mbele yake mpaka miguu ikamuuma. Lakini hapo ndipo hasira inaponirudia, kwa sababu maji ya kwenye mchoro ndiyo pekee aliyoyakaribia. Nilimsihi twende kwenye ufuo wa wazi, sehemu zisizo na lido zipo, akakataa. Mwanamke aliyezaliwa hatua chache kutoka Bahari ya Hindi amefika Mediteranea na kuondoka bila kulowesha hata kidole. Mahekalu hayawezi kunifidia hilo. Mozzarella nayo haiwezi.

Siku ya safari alipanga nguo zake zote begini, mkoba akauacha juu ya kitanda changu. Nikamwambia amesahau.

"Sikusahau. Huo wako, uwe waenda nao pwani."

Kiangazi kikifika nitakwenda nao, na mlango nitakaopita ni uleule.