Uzoefu wangu: Altezza, injini ya 3S na fundi wa Ngamiani asiyeharakishwa

Nianze na kasoro. Niliambiwa wiki tatu, nikakaa wiki saba bila gari, nazunguka Tanga kwa baiskeli kama wazee wetu. Risiti hupewi mpaka uidai. Simu anapokea akitaka. Pamoja na hayo, injini nyingine nikipata nitampelekea yeye.

Gari ni Altezza RS200 ya gia sita za mkono, injini 3S-GE BEAMS. Kwa asiyeijua: ujazo wake ni cc 1998, silinda ina kipenyo cha milimita 86, na pistoni inapanda na kushuka milimita 86 hizohizo. Toyota waliitoa ikiwa na nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, bila tabo. Ndiyo maana vijana tunazipenda, na ndiyo maana zinatufia mikononi.

Yangu ilifia njia ya Lushoto. Ilikuwa imetoka kufungwa upya kwenye gereji moja ya Dar, siku nne tu, pistoni mpya, ringi mpya, gasketi ya bei mbaya. Ilivuta vizuri mwezi mmoja na nusu. Siku hiyo napandisha kutoka Mombo, kona juu ya kona, gia ya pili, mshale umepita 7,000. Taa ya oili ikawaka kwenye kona, ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nikajisemea, waya huo. Kabla sijafika Soni injini ikaanza kugonga, na Tanga nikarudi juu ya Fuso.

Rafiki akanipeleka Ngamiani, hapahapa Tanga, kwa mzee mmoja aliyezoea kufunga injini za magari ya rali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea injini au chuma chakavu?"

Akashusha sampo (bakuli la oili chini ya injini), akachovya kidole kwenye oili, akakigeuza juani. Kilimetameta. Beringi ya konrodi (mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni) ya silinda ya tatu ilikuwa imelika hadi shaba inaonekana. Hakuuliza pistoni ni za kampuni gani. Aliuliza boliti za konrodi. Nikamwambia zilezile za zamani, akacheka kwa huzuni.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo gereji ya Dar haikunipa. Kwenye mizunguko 7,600 pistoni inakwenda kwa wastani wa mita karibu 22 kwa sekunde, na katika mwendo huo inasimama kabisa na kugeuza mara 15,200 kila dakika. Ukitoka mizunguko 6,000 kwenda 8,000 umeongeza theluthi tu, lakini mvuto unaoing'ang'ania konrodi unapanda kwa karibu asilimia 78, kwa sababu unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Pabaya kuliko pote ni pistoni ikiwa juu kabisa, imemaliza kusukuma moshi nje: hakuna mlipuko wa kuisaidia kurudi chini, inavutwa na konrodi peke yake, na kofia inayofunga mdomo wa chini wa konrodi imeshikwa na boliti mbili nyembamba. "Mwanangu, pistoni ya bei juu ya boliti kuukuu ni kanzu ya harusi na kandambili." Tukaagiza boliti za kampuni ya ARP kutoka Marekani. Karibu nusu ya zile wiki saba ilikuwa ni kuzisubiri, kwa hiyo lawama hiyo nampunguzia.

Kisha akapima. Sijawahi kuona mtu anapima hivyo. Krenki, mhimili unaozungushwa na konrodi, ilipitishwa mikromita kila shingo (sehemu inayokaa ndani ya beringi), pande mbili, akagundua shingo moja imekuwa yai. Ikapelekwa kukerezwa, zikaja beringi nene zaidi. Nafasi aliyoitaka kati ya beringi na shingo ni karibu 0.05 ya milimita: ikibana, oili haipiti na chuma kinaungua; ikilegea, oili inakimbia na presha inaanguka. Alifunga na kufungua mara tatu, kila mara analaza kiuzi cha plastiki, anabana, anafungua, anapima kimesambaa kiasi gani. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasinzia kwenye benchi. Bloku nayo, kabla ya kusuguliwa silinda, ilifungwa bamba nene la chuma juu mahali pa hedi, kichwa cha injini chenye valvu. Nikadhani mbwembwe. Akaweka geji ndani ya silinda, akakaza boliti za bamba, na mshale nikauona kwa macho yangu ukihama. Kumbe tundu la duara hupinda hedi ikikazwa.

Hedi haikuchukua muda. Gari za gia za mkono za aina hii zina valvu za titani, akakataa kuzisaga kwa unga zisipoteze ngozi yake ngumu. Springi mpya, tapeti zikasetiwa, basi.

Kilichoniua Soni alikishughulikia mwisho. Kwenye kona oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, pampu inafyonza hewa, beringi inakauka. Akachomelea vibati kuzunguka mdomo wa kufyonzea, vyenye vimilango vinavyoruhusu oili iingie ila isitoke. Akanifungia na geji ya presha, maana ile taa ya kiwandani inawaka mambo yameshaharibika.

Gharama: ufundi na kukereza milioni 2 na laki 6, spea mbali, na spea ndizo zilizonikausha. Nguvu sijaipima kwa mashine, kwa hiyo farasi sitataja. Ninachojua ni kwamba nimetembea kilomita 5,400, na mwezi uliopita nilirudi barabara ileile ya Soni, alfajiri, kona zilezile, macho kwenye geji kuliko barabarani (msiige). Presha haikushuka chini ya baa 4 hata mara moja.

Kama gari lako ni la kupeleka watoto shule Chumbageni, usimsumbue mzee wa watu, na yeye atakwambia hivyohivyo mlangoni. Nampa nyota 4 kati ya 5. Kifuniko cha tapeti kimeanza kutoa jasho la oili, Jumamosi narudi kwake. Jeki yangu pia bado iko huko.