Uzoefu wangu wa kutoa hesabu za haduwea kwenye programu na kuzipeleka Excel

Huu ni mwaka wa pili ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda, kwa programu ya usimamizi wa biashara ambayo hulipiwa kila mwezi na kutumika kwenye intaneti. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu ninayoyaeleza yanaweza kumkuta mtumiaji wa programu nyingine yoyote ya aina hiyo, na pia kwa sababu wenyewe wamekwisha kurekebisha baadhi ya mambo niliyowalalamikia. Tathmini yangu inahusu jambo moja ambalo sikulitilia maanani wakati wa kununua, nalo ni namna data inavyotoka humo ndani na kuingia kwenye lahajedwali.

Kwenye kaunta sina malalamiko ya kusema. Ankara huandikwa haraka, hutumwa EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), hurudi na namba yake na kuchapwa kwenye risiti, huku mzigo wa stoo ukipungua wenyewe. Kijana wetu wa stoo, ambaye kwa miaka alikuwa mtu wa daftari na kalamu ya bluu, aliizoea ndani ya wiki moja. Hajji, mwenye duka, huangalia mauzo kwenye simu akiwa Mbale. Siku tuliyoonyeshwa programu hiyo, muuzaji alibofya kitufe cha kupakua, faili likashuka, sote tukatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyelifungua.

Nilianza kulifungua pale ilipobidi. Mkaguzi wetu wa hesabu yuko Kampala na haingii kwenye programu yetu. Anachotaka ni majedwali ya Excel, na anayataka mapema, kwa kuwa ritani ya VAT ya mwezi uliopita lazima iwasilishwe URA kabla tarehe 15 haijapita. Zaidi ya hapo, baada ya wafanyabiashara wa Kampala kufunga maduka mwezi Aprili 2024 kupinga EFRIS, Hajji aliingiwa na hofu ya faini, akaagiza kwamba kila mwezi orodha ya mauzo yetu ilinganishwe na ankara zilizofika EFRIS, moja baada ya nyingine, mpaka shilingi ya mwisho. Agizo hilo lilikuwa la busara. Utekelezaji wake ndio ulionionyesha faili lile lilivyokuwa.

Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo nilipakua mauzo ya Julai, nikaliamuru jedwali lipange mauzo kwa mwezi, nikitarajia kuona mwezi mmoja tu. Nikaona miezi kumi na miwili. Kulikuwa na mauzo ya Januari, ya Februari, ya Machi, mpaka mauzo ya tarehe 7 Desemba 2024, ilhali sisi tulikuwa bado Agosti na mvua ya Desemba hatujaiota. Kila mwezi ulikuwa na siku moja tu ya mauzo, na siku hiyo ilikuwa tarehe 7. Zaidi ya nusu ya mwezi, yaani kuanzia tarehe 13, haikuonekana katika mwezi wowote.

Nilikaa nalo jioni nzima kabla sijaelewa. Programu ilikuwa ikiandika tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza kisha siku, na kompyuta yangu imewekwa kusoma siku kwanza kisha mwezi, kama tunavyoandika sisi. Kwa hiyo tarehe 1 Julai, iliyoandikwa 07/01, ilisomwa kuwa 7 Januari. Tarehe 2 ikawa 7 Februari. Na kadhalika hadi tarehe 12. Kuanzia 07/13 hakuna mwezi wa kumi na tatu wa kuupeleka, basi jedwali likaziacha tarehe hizo kama maandishi tu, zimeegemea kushoto mwa seli wakati zile zilizogeuzwa zimeegemea kulia. Mwenye jicho angeuona mpasuko huo tangu mwanzo. Tarehe pekee kati ya zile zilizogeuzwa ambayo ilibaki mahali pake ilikuwa 7 Julai, kwa kuwa hata ukiigeuza ni ile ile, nayo ilikuwa Jumapili ambayo tuliuza nusu siku.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja. Dada aliyenijibu alikuwa mpole na mwepesi, akanielekeza nibadilishe mpangilio wa tarehe kwenye mipangilio ya akaunti. Nilibadilisha, na tarehe za kwenye skrini zikabadilika vizuri. Za kwenye faili zilibaki vilevile. Ilichukua miezi minne na jumbe nyingi hadi walipoongeza chaguo la kutoa tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mtindo ambao kompyuta haiwezi kuusoma kwa namna mbili. Kama programu yako ina chaguo hilo, lichague leo.

Jambo la pili ni la mpakani, na huenda mtu wa Masaka au Mbarara asilione kabisa. Sisi huuzia wateja wa Uganda na wateja wa upande wa Kenya, na baadhi ya ankara huwa kwa shilingi ya Kenya. Kwenye skrini, mbele ya kila kiasi kuna alama ya fedha yake, hivyo mtu hawezi kukosea. Kwenye faili alama hiyo haipo, na hakuna safuwima inayotaja fedha. Mteja mmoja alichukua mabati ya geji 30 ya shilingi 18,000 za Kenya. Kwa kiwango tulichotumia siku hiyo cha 28, hizo ni shilingi 504,000 za Uganda. Kwenye jedwali zilikaa kama 18,000 tupu, chini ya mteja wa Uganda aliyenunua misumari na brashi ya rangi kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Nilipojumlisha safuwima nzima, jedwali lilinipa jumla bila kusita, kwa kuwa kazi yake ni kujumlisha namba, na namba ilizopewa hazikusema zimetoka wapi. Jumla hiyo ilipungua kwa mamilioni ikilinganishwa na ya kwenye skrini, na kwa siku mbili Hajji aliamini kuna mtu anayetuibia. Mtu mwenyewe alikuwa mimi na safuwima yangu.

Dawa tuliyoipata ni ya kienyeji, lakini inafanya kazi: wateja wa Kenya tumewapa msimbo unaoanza na herufi K, na msimbo wa mteja hutoka kwenye faili, kwa hiyo ninaweza kuwachuja na kuzidisha kwa kiwango cha siku husika. Safuwima ya fedha ingetuondolea kazi hiyo yote. Bado ninaisubiri.

Kosa lililofuata lilikuwa langu mwenyewe. Faili linalotoka ni la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, nami nilikuwa nalifungua kwa kulibofya mara mbili. Ukifanya hivyo, lahajedwali hukisia kila seli ni kitu gani, na hukisia kwa kujiamini sana. Katika orodha ya bidhaa tunaandika vipimo vya mabomba kwa inchi, hivyo bomba la robo tatu, 3/4, likawa 03-Apr, na la nusu inchi likawa 01-Feb. Kijana wa stoo alipopewa karatasi ya kuhesabia mzigo alirudi kuniuliza, kwa heshima zote, mabomba ya Aprili yamewekwa upande gani. Namba za simu za wateja nazo zilipoteza sifuri ya mwanzo, na zile zilizoandikwa kuanzia 256 zikageuka kuwa 2.56772E+11, ambayo huwezi kuipigia. Namba ndefu za ankara zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ya 16 na zinazofuata huwa sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi tena.

Sasa sibofyi mara mbili. Ninafungua jedwali tupu kwanza, ninaingia kwenye menyu ya Data, ninaliingiza faili la CSV kutoka humo, na kabla ya kukubali ninataja kwamba safuwima za simu, vipimo na namba za ankara ni maandishi, wala si namba. Hapo hapo ninachagua usimbaji wa UTF-8, yaani namna kompyuta inavyosoma herufi za faili, vinginevyo majina ya wateja yenye ng', ambayo yaliandikwa kwenye simu kwa ile alama iliyopinda, hutoka na vidudu vya â€™ katikati. Tangu 2023 matoleo mapya ya Excel yana mahali pa kuzima ukataji wa sifuri za mwanzo na ugeuzaji wa namba ndefu. Ofisini tuna toleo la zamani, kwa hiyo njia ndefu ndiyo yetu.

Kuna pia suala la idadi. Mwezi mmoja skrini ilisema tuna ankara 612, faili likawa na mistari 500 kamili. Namba ikiwa kamili namna hiyo, mtu wa hesabu lazima ashtuke. Kumbe programu hutoa mistari 500 kwa mara moja, na haisemi kwamba imeacha mingine. Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba wakubwa nao yamewapata: Oktoba 2020, nchini Uingereza, karibu visa 16,000 vya korona viliachwa nje ya takwimu kwa sababu data ilipitishwa kwenye mtindo wa zamani wa faili la Excel, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mtindo wa sasa unafika 1,048,576, ambayo haduwea yetu haitaimaliza leo wala kesho. Siku hizi, kabla ya kumtumia mkaguzi chochote, ninaandika kwenye karatasi idadi ya ankara na jumla kama zilivyo kwenye skrini, kisha ninazilinganisha na za kwenye jedwali. Zisipolingana, sitoki ofisini.

Kasoro ambayo bado inaninyima usingizi ni ya vile visivyotoka kabisa. Orodha ya ankara hutoka, na orodha ya bidhaa zilizouzwa hutoka, lakini hii ya pili haina namba ya ankara, kwa hiyo huwezi kujua mifuko kumi ya saruji ilikwenda kwa ankara ipi. Ndani ya programu uhusiano huo upo. Ukibofya ankara unaona kila kitu. Nje, ni mafaili mawili yasiyojuana. Sheria ya kodi inatutaka tuhifadhi kumbukumbu kwa miaka 5, na nilipouliza itakuwaje tukiacha kulipia, nilijibiwa kwamba akaunti hufungwa baada ya siku 30 na tunaruhusiwa kupakua data yetu kabla ya hapo. Kupakua ndiyo, lakini kupakua nini? Kwa sasa ninahifadhi kila ankara kama PDF, kabrasha moja kwa kila mwezi, pamoja na jedwali lake. Ni kazi ya Jumamosi baada ya kufunga duka, na umeme ukikatika inakuwa kazi ya Jumapili.

Kwa mizania hiyo, kwenye kaunta ninaipa programu hii nyota nne na nusu. Kwenye kutoa data ninaipa mbili, ambapo zamani ningeipa moja. Nyota iliyoongezeka ni ya tarehe. Kwa shilingi 95,000 kwa mwezi si ghali ukilinganisha na ile nyingine tuliyoijaribu, ambayo ilitoza kupakua kama huduma ya ziada. Mwenye kiosk au duka dogo asiye na VAT wala mkaguzi anaweza kuitumia miaka asione ninayoyasema. Mwenye wateja wa fedha mbili, au anayejaza ritani kila mwezi, aombe kipindi cha majaribio, aingize ankara kumi zenye tarehe tofauti, simu zenye sifuri na bidhaa za 3/4, kisha apakue faili na alifungue mbele ya muuzaji.

Mkataba wetu unaisha Septemba. Hajji anataka tuendelee, kwa kuwa watu wa kaunta wameizoea, nami sikumpinga. Nilimwomba tu kwamba kabla ya kulipa tuulize tena kuhusu namba ya ankara kwenye orodha ya bidhaa. Nimeuliza wiki hii, nikajibiwa kwamba itakuwemo kwenye toleo lijalo. Nililinganisha ujumbe huo na ule wa Machi, na maneno ni yale yale.