Bima inaisha keshokutwa: ipi uhuishe kwanza, ipi uibadilishe, ipi isubiri

Meseji ya wakala huingia usiku, umeshachoka: "Bosi, bima ya gari inaisha Alhamisi, nikutumie namba ya malipo?" Unajibu "tuma", unalipa kwa simu, unalala. Mimi nimeishi hivyo miaka mitatu. Mwaka wa nne nikamwaga karatasi zote mezani, nikakuta mambo ya aibu. Gari langu, Toyota IST, nilikuwa nalikatia bima kwa bei ya siku lilipotoka bandarini. Bima ya afya ilimtambua mtoto mmoja, na mimi ninao wawili. Mnufaika wa bima yangu ya maisha alikuwa mama yangu, Mungu amrehemu, aliyetangulia kabla hata sijaoa.

Bima nyingi tunazokata ni za mwaka mmoja mmoja. Maana yake kila unapohuisha unanunua upya, kwa hiyo una haki ya kuuliza maswali ya mnunuzi. Mpangilio ufuatao ni wangu, na kigezo ni kimoja: hasara ipi ikinipata siwezi kuilipa hata nikifungua grupu la mchango la WhatsApp la ukoo mzima? Hiyo ndiyo ipate hela ya kwanza.

Ya kwanza: afya

Hapa sina mjadala. Gari likiungua utapanda daladala, lakini wiki moja ya chumba cha wagonjwa mahututi inauza kiwanja.

Kama umeajiriwa na unakatwa NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri, na kadi inabeba wewe, mwenza wako na wategemezi wanne. Kazi yako ni kuhakikisha hao wanne ndio unaowataka leo. Mtoto aliyevuka umri ameshatoka au anakaribia kutoka, na nafasi yake pengine angeikalia mama mkwe mwenye presha. Usingoje kuyajua haya ukiwa umesimama dirishani hospitali na mgonjwa.

Kama unanunua bima binafsi, bei isikuvute kabla hujaomba vitu vitatu: orodha ya hospitali, kikomo cha fedha kwa kulazwa na kwa matibabu ya kutwa, na muda wa kusubiri. Huo wa mwisho ndio unaoliza wengi. Bima ya uzazi mara nyingi haifanyi kazi mpaka miezi kadhaa ipite, wakati mwingine karibu mwaka, kwa hiyo ukikata ukiwa tayari mjamzito umechelewa. Orodha ya hospitali nayo isome kila mwaka, maana hubadilika. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuhudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei, na watu walijikuta na kadi hai mkononi wakiambiwa walipe taslimu.

Ya pili: gari

Kisheria hii ni ya lazima, na trafiki hakuulizi kadi ya afya. Lakini cha lazima ni bima ndogo tu, ile inayomlipa uliyemgonga au uliyemharibia mali. Kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000, ukiongeza VAT inakuwa 118,000. Gari lako mwenyewe likikunjwa, ni juu yako.

Bima kubwa, ile inayolipa na gari lako pia, kwa gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT ya asilimia 18. Hapo kwenye thamani ndipo nilipokuwa napigwa, na aliyenipiga ni uvivu wangu. Nilikuwa naandikisha milioni 16: ada 560,000, ukiongeza VAT inakuwa 660,800. Nikapita yadi mbili tatu, nikaona gari kama langu, mwaka ule ule, linauzwa milioni 12. Kwa thamani hiyo ada ni 420,000, ukiongeza VAT inakuwa 495,600. Nilikuwa natupa 165,200 kila mwaka, kwa sababu gari likiibwa kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile, wala hailipi namba niliyojiandikia kwa mapenzi. Usikimbilie kushusha kupita kiasi pia: namba uliyoandikisha ndiyo dari, na juu yake hupati kitu.

Kwangu mimi, gari lililoshuka chini ya milioni sita hivi, lisilo na mkopo wa benki, naliwekea bima ndogo na tofauti naiweka akiba. Juu ya hapo nachukua kubwa. Katikati ipo ya mtu wa tatu (hiyo bima ndogo) pamoja na moto na wizi, ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize.

Ukichukua kubwa, uliza kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, ile wanayoiita eksesi. Ada ya bei chee mara nyingi imejificha humo. Uliza kioo cha mbele kinalipwa mpaka kiasi gani, na kama saiti mira na taa zikichomolewa usiku zinahesabika. Mjini hapa, mtu kuibiwa saiti mira ni rahisi kuliko kuibiwa gari zima.

Kisha sema ukweli wa matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi halafu jioni linabeba abiria wa teksi mtandao ni gari lisilo na bima siku ya ajali, hata kama umelipa kila senti. Kadhalika gari ulilonunua kwa mtu na kadi bado ina jina lake: bima ya yule wa zamani haihami na funguo. Na ukivuka Namanga au Horohoro kuingia Kenya, bima yako ya gari ya Tanzania inaishia mpakani, omba Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari ya kuvukia mipaka, kabla ya safari.

Ukishalipa, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, weka namba ya gari, hakikisha inasomeka aina uliyolipia na tarehe sahihi. Wakala akikuambia "endesha tu, nitakulipia utanirudishia", kataa. Ada isipolipwa, bima haijaanza.

Ya tatu: maisha

Kama kuna watu wanaokula kwa mshahara wako, nunua bima ya maisha ya kawaida, ya muda maalumu, isiyo na akiba ndani. Ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, hasa ukiwa kijana usiyevuta sigara. Kabla ya hapo tazama mkopo wako wa benki: pengine tayari unalipia bima ya mkopo. Hiyo inafuta deni tu ukifa, familia haishiki hata shilingi.

Jina la mnufaika ni fomu ya dakika kumi. Ukiacha jina la marehemu, hela huangukia kwenye mirathi, na wajane wanajua maana yake: kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kusubiri pingamizi, huku ada za shule zinadai. Ukiandika mtoto mdogo, mtaje na mtu mzima wa kumpokelea.

Ya nne: nyumba na duka

Watu wa biashara waipandishe juu ya maisha, sitabisha. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na mwenye kibanda hakuhitaji mhadhara baada ya hapo. Lakini bima ya moto si bima ya mafuriko mpaka uombe iongezwe, na anayeishi karibu na Mto Msimbazi aombe. Thamani hapa ni kinyume na gari: usipunguze. Duka la milioni 30 ukiliandikisha milioni 20, hasara ya milioni 6 utalipwa 4, kwa kuwa kampuni inakuhesabu umejibebea theluthi moja mwenyewe.

Za mwisho

Bima ya safari nunua unaposafiri. Viza ya Schengen inadai yenye kikomo kisichopungua yuro 30,000.

Bima ya elimu, ile ya kuchangia kila mwezi kwa miaka kumi au kumi na tano, naiweka mkiani. Si mbaya kwa asiyejua kuweka akiba. Ila kabla hujasaini, mwambie wakala akuandikie kwenye karatasi utapata kiasi gani ukikatisha mwaka wa pili, na mwaka wa tano. Nilimwomba mmoja, akacheka, akaagiza chai. Karatasi yenyewe hajaileta hadi leo.