Kingamuzi cha kurekodi kwa laki moja, nimekitumia Kigoma miezi mitano

Baba watoto anavua dagaa, boti yao iko Kibirizi. Anatoka jioni jua likielekea ziwani na anarudi asubuhi watoto washaenda shule, kwa hiyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwake ilikuwa haipo kabisa ukiacha zile siku za mbalamwezi ambazo hawaingii kuvua. Na yeye ni mtu wa habari, hapendi kusimuliwa. Nikimsimulia ananiuliza "sasa alisemaje hasa?" na mi hapo nishasahau. Ndo nikaanza kutafuta kingamuzi kinachorekodi, bajeti yangu laki moja na humo humo itoke na pa kuhifadhia.

Kwanza niliulizia Explora ya DStv maana ndo watu wanaisifia, na kweli ni kifaa kizuri, ina diski yake humo humo ndani na unarekodi chaneli moja huku unaangalia nyingine, lakini ukijumlisha kifaa na malipo ya kila mwezi hiyo si hesabu ya nyumba inayotegemea dagaa. Nikaachana nayo bila kinyongo. Nilichokuja kununua ni kingamuzi kidogo cha antena, cha chaneli za bure, kina tundu la USB mbele na kwenye menyu kimeandikwa PVR, yaani kinaweza kurekodi. Hizo herufi tatu ndo za kutafuta. Vingamuzi vingi vina tundu la USB lakini ni la kupigia nyimbo na kuangalia picha tu, kurekodi hakuna, na muuzaji anaweza akakwambia "kina USB dada, kinafanya kila kitu" na wala hakudanganyi kwa makusudi, hajui tu.

Halafu angalia kimeandikwa DVB-T2, yaani aina mpya ya matangazo ya dijitali ya antena. Kuna vya mtumba bado vinazunguka vya ile miaka ya mwanzo mwanzo, tangu analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, vingine ni DVB-T bila ile 2. T2 inasoma matangazo ya T, ila T haisomi ya T2 hata ufanyeje, kwa hiyo usishawishike na bei.

Duka nililonunua liko Mwanga ya hapa hapa Kigoma, na kijana wa pale namshukuru mpaka leo. Nilimwambia "mdogo wangu, mi sinunui mpaka nikione kikirekodi kwa macho yangu." Hakununa. Akakichomeka kwenye TV ya dukani, nikatoa flashi yangu kwenye pochi, akabonyeza kitufe cha kurekodi, tukasubiri dakika tano tunapiga stori, akasimamisha, tukaicheza ile tuliyorekodi tangu mwanzo na sauti yake. Kingamuzi cha kwanza picha ilikuwa inaganda ganda kwenye rekodi wakati live ilikuwa safi kabisa, cha pili kikatoka vizuri, nikachukua cha pili, elfu 58. Fanya hivyo hivyo na wewe. Muuzaji akikataa kukujaribishia nenda duka la jirani, dakika tano tu hazimpotezei mtu mteja.

Sasa kwenye flashi ndo nilipoliwa. Kabla hata ya kwenda dukani nilikuwa nimenunua flashi moja kwa mtu anayetembeza, imeandikwa GB 128, elfu 12, nikaona nimepata. Ile ya kujaribia dukani ndo hiyo hiyo na ilifanya kazi, kwa sababu dakika tano ni kidogo. Nyumbani ikarekodi siku ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, baada ya wiki moja na kitu nafungua naona majina ya mafaili yapo lakini ukibonyeza kiza tupu. Nikapeleka kwa fundi wa kompyuta akaipima, akaijaza mpaka mwisho na programu yake, akaniambia "mama, hii ni GB 8, imedanganywa tu isome 128". Iliumiza. Yaani inapokea kila unachoipa halafu inatupa. Nikanunua ya GB 32 duka linalotoa risiti, elfu 18, na nilipofika nayo kwa fundi akaipima kwanza ndo nikaiamini. Kwa chaneli za kawaida nusu saa ya habari inakula karibu MB 700, kwa hiyo GB 32 inanitosha saa ishirini na kitu, na baba watoto akishaangalia tunafuta. Ya HD inakula zaidi, hata mara mbili. Diski kubwa ya nje nilijaribu ya shemeji, ikawa inalia tik tik tik haiwaki, tundu la kingamuzi halina nguvu ya kuizungusha, ingetaka umeme wake pembeni. Kwa bajeti yetu flashi inatosha kabisa.

Saa nayo. Siku ya kwanza nilipanga kirekodi kila siku 20:00 hadi 21:00, asubuhi tunafungua tukakuta muziki, saa nzima ya muziki. Nikajua kimekufa. Kumbe kilikuwa kimesetiwa GMT 0 na sisi huku tuko +3, kwa hiyo saa mbili yake ilikuwa saa tano usiku ya kwetu. Ingia kwenye menyu uweke +3 kabla ya kupanga chochote, na kumbuka kinahesabu kizungu, saa mbili usiku unaandika 20:00 sio 2:00, ukiandika 2:00 kitaamka saa nane za usiku kurekodi.

Jingine, ukikizima kizime kwa rimoti tu, kibaki na kale kataa kekundu. Ukizima ukutani hakiwezi kujiwasha. Mama mkwe akija kutoka Ujiji kulala kwetu huwa anapita anazima kila swichi kwa sababu ya radi, na siwezi kumkatalia mtu mzima, nikamwambia tu "mama, hiki tukiache, mwanao anakisubiri asubuhi." Akasema "haya mwanangu, ila mvua ikianza chomoa." Na ana haki, radi za huku wote tunazijua, mawingu yakishafunga juu ya ziwa nachomoa umeme na waya wa antena, habari za siku hiyo zinakosekana basi.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili la siku hiyo mara nyingi halifunguki. Nilichofanya nimegawa, 20:00 hadi 20:29 halafu 20:30 hadi 21:00, ile dakika moja lazima uiache maana bila hivyo kinasema zimegongana. Ukikatika napoteza kipande kimoja, si chote.

Ninachokipendea zaidi kuliko vyote ni kwamba rekodi haifungwi. Mafaili ni ya .ts, unachomoa flashi, unachomeka kwenye simu kwa kile kiwaya cha OTG cha elfu 3, unafungua na programu ya VLC inacheza. Kuna siku boti ilikuwa inatengenezwa, baba watoto akashinda Kibirizi na wenzake watano wamezunguka simu moja wanaangalia habari za jana yake. Akiwa nyumbani anakaa na chai yake na muhogo, nguo bado zina harufu ya ziwa, anasimamisha, anarudisha nyuma, anasikiliza tena waziri alichosema kuhusu uvuvi. Haniulizi tena mimi.

Kasoro zipo. Kikiwa kinarekodi huwezi kuhamia chaneli yoyote unayotaka, zinafunguka zile chache zinazosafiri kwenye masafa yale yale tu, zingine kinakuuliza usimamishe kurekodi kwanza. Na kama unanunua kwa ajili ya Ligi Kuu usijisumbue, mechi ziko Azam, kingamuzi cha bure hakizioni, hivyo huwezi kuzirekodi. Sisi Taifa Stars ikioneshwa TBC1 ndo tunaweka. Antena ya ndani pia haikunitosha, picha ikivunjika rekodi inavunjika vile vile, nikanunua ya nje elfu 20 ikafungwa juu ya bati. Jumla yote elfu 99, ile flashi feki sijaihesabu.

Nakipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya rimoti, kitufe cha kufuta kiko jirani kabisa na cha kucheza, mtoto alishafuta habari za siku tatu kwa mpigo, nikakata plasta ya kidonda nikabandika juu ya kile cha kufuta na mpaka leo ipo.